Vituo Sitini vya Kwenda Pwani

Mmeniaga vizuri, asanteni. Saa ya ukutani nimeitundika na kanga nimezivaa. Lakini hili la kunitaka niandike kumbukumbu mmelianzisha wenyewe, msije mkalalamika. Mkuu wenu alishauri nieleze nilivyopanda vyeo. Vyeo nilipanda, nikashuka, nikapanda tena, na hakuna la kujifunza hapo. Nitaandika habari za mchezo.

Nawaandikia hasa ninyi vijana wa chumba cha kompyuta. Wiki yangu ya mwisho kazini niliwakuta saa ya chai mmejazana mbele ya mashine moja, na ndani ya kioo mtu mdogo mwenye upanga anakimbia msituni. Nikauliza anakwenda wapi. Mmoja wenu akanijibu kwa fahari kwamba mchezo ule hauishi mpaka uchezwe saa sitini. Nikauliza, saa sitini za kufanya nini? Akasema, mama, huyu anachuma majani, anampelekea mzee mmoja, mzee anamtuma majani mengine. Niliondoka bila kunywa chai. Nilidhani Mratibu wangu wa zamani alishastaafu na akazikwa, kumbe amehamia kwenye kompyuta.

Nilianza kazi nikiwa binti, wakati vijiji vya ujamaa ndiyo kwanza vinapimiwa mistari ya nyumba. Karakana yetu ya vifaa vya elimu ya watu wazima ilikuwa vyumba viwili nyuma ya maduka ya Gongoni, mjini Tabora. Tulikuwa na mashine ya kudurufu ya kuzungusha kwa mkono, stensili zilizohesabiwa moja moja, kalamu ya chuma ya kuchorea, na wino mweusi ambao ulimfuata mtu mpaka kwenye ugali wake. Mwenye karakana alikuwa Mwalimu Zakaria, Mmoraviani mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi. Siku yangu ya kwanza hakunionyesha hata choo kilipo. Alinipa karatasi akasema niandike sentensi moja kwa ajili ya mtu aliyeanza kusoma mwezi uliopita.

Nilikuwa nimetoka shule ya masista, najiona. Niliandika sentensi ndefu yenye koma tatu. Mwalimu Zakaria akaichukua, akaweka kidole chini ya silabi ya kwanza, akaanza kuisoma kama anavyosoma mwanafunzi wetu: si, la, bi, kwa, si, la, bi. Ilimchukua muda hata uso ukaniwaka moto. Alipofika mwisho akainua macho akaniuliza mwanzo ulikuwa unasemaje. Mpaka leo sijui kama alisahau kweli au alikuwa ananichezea. Akaniambia, "Regina, ukiona umechoka kuandika, ujue msomaji alishalala zamani."

Shida yetu kubwa wakati ule ilikuwa mahudhurio. Kitabu cha kusomea kilikuwa kinamfundisha mkulima kulima mapema, naye alikuwa analima mapema kabla mwandishi hajazaliwa. Watu walikuja wiki mbili, kwa adabu, kisha wakapotea. Ndipo mimi na Mwalimu Zakaria tukatunga mchezo. Njia ya zamani ya misafara inapita palepale, kila familia ina mtu aliyebeba mzigo kwenda Pwani, basi tukachora njia hiyo kwenye karatasi za manila zilizoungwa kwa uji wa unga: Tabora, Rubuga, Tura, Mgunda Mkali, Kilimatinde, Ugogo, Mpwapwa, na kuendelea hadi baharini. Vituo kumi na vinne. Kila kituo kina kadi, kadi ina herufi kubwa, inaeleza lililowapata na njia mbili za kuchagua. "Maji yamekwisha. Mtachimba au mtasonga?" Ukichagua vibaya, mnapoteza zamu. Dadu alituchongea fundi seremala wa Isevya kwa mti wa mninga. Ilipenda sana kuangukia nne, lakini tuliizoea.

Darasa la majaribio lilikuwa Kambi Mpya, kijiji cha ujamaa kupita Itetemia, kwenye banda la ushirika. Nikawapa kila mmoja kizibo chake cha soda, nikaeleza kwamba atakayefika Pwani wa kwanza ndiye mshindi. Wakaitikia. Kituo cha tatu kadi ikamwangukia Mama Kabula, kiongozi wa kina mama, mwanamke mrefu asiye na haraka. Akaisoma mwenyewe: "Una homa. Ngoja zamu tatu." Akangoja. Na wenzake wote wakangoja. Nikasema hapana, ninyi endeleeni, yeye ndiye mgonjwa. Wakanisikiliza vizuri sana, wakaendelea kungoja. Akaugua mwingine, wakangoja tena. Mmoja akaliwa na kadi ya simba akarudishwa Tabora, na msafara mzima ukageuka kumfuata.

Mchana wa tatu hatujatoka Tura. Nikapandisha sauti, jambo ambalo sijivunii. Nikawaambia huu ni mchezo, na mchezo una mshindi. Mama Kabula akaniangalia kwa huruma. "Mwalimu, ninyi watu wa mjini mnamwacha mgonjwa porini?"

Nilirudi Gongoni nimefura. Nilitegemea Mwalimu Zakaria anipe pole. Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akamwaga vizibo vyote mezani, akaniachia kimoja. Kizibo kimoja, msafara mmoja, kila mtu anasoma kadi kwa zamu na wote wanaamua pamoja. Basi. Tukaucheza tena Kambi Mpya, ukaisha chini ya saa mbili, na hakuna mtu ambaye hakusoma. Juma lililofuata walikuja hata wale waliokuwa wanatukimbia. Andikeni hilo mahali: mchezo wetu ulikuwa mrefu kwa sababu sheria yake ilikuwa inagombana na tabia za wachezaji, na katika ugomvi huo sheria haijawahi kushinda.

Sasa nije kwa Mzee Mihambo, Mungu amrehemu, aliyenizeesha kabla ya wakati. Alikuja darasani, kwa maneno yake mwenyewe, kutusahihisha. Nikimwamkia shikamoo ananiitikia marahaba, halafu papo hapo ananiuliza leo nimekosea wapi. Alisema tumeweka hongo, ule ushuru wa kupita kwenye nchi za watemi, mahali ambapo hongo haikutozwa, na kwamba kisima tulichokichora kilikauka yeye akiwa bado mtoto. Alikuwa anakisogeza kizibo akidhani hatumwoni, na ukimbana anaomba ugoro.

Lakini kulikuwa na jambo. Kila msafara wetu ulipofika Mpwapwa, Mzee Mihambo aliinuka akatoka nje ya banda, akakaa mpaka tumalize. Mara ya kwanza nilidhani ni haja ndogo. Mara ya tatu nikamuuliza Mama Kabula, naye akanieleza kwa sauti ya chini. Mzee alibeba mzigo ujanani, katika misafara ya mwisho kabla ya reli. Mpwapwa mguu wake ukaota kidonda, mzigo wake akapewa mwingine, naye akaachwa kwa watu. Rika lake likaenda Pwani, likarudi na nguo mpya na majigambo. Zamani zile kijana asiyeiona bahari hakuhesabiwa mwanamume. Wakampa jina la Mpwapwa. Rika lote limeshakufa, jina halijafa; wajukuu zake wanalitumia bila kujua limetoka wapi.

Nikamfuata nje. Nikamwambia, mzee wangu, treni ipo, unapanda leo, bahari unaiona kesho kutwa, haya mateso ya nini? Akaniangalia kama nimemtukana.

"Nikienda kwa treni nitakuwa nimebebwa. Mimi nilitakiwa kubeba."

Alichotaka ni kufika mle darasani, kwa msafara, na kadi ya mwisho aisome yeye mwenyewe kwa jicho lake. Wakati ule hata a na e alikuwa anazichanganya. Ndiyo maana alikuwa anatoka: asingekubali kusikia kadi ile ikisomwa na mwingine. Kwamba kufika kwa treni ni haramu na kufika kwa karatasi ya manila ni halali, sikubishana naye. Mwenye safari ni yeye. Nikamwahidi kwamba siku akijua kusoma, kadi ya Pwani ni yake.

Kumbe nilikuwa naahidi kisicho mkononi mwangu. Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho. Mganga wa zahanati alishamwambia kwamba la kulia limekwenda na la kushoto linafuata. Akiambiwa aende hospitali kubwa, anajibu kwamba akiondoka darasa litapotoka. Basi akawa anajifunza herufi kwa jicho moja, mbio mbio, huku akituudhi wote. Miezi michache akawa anasoma kadi nzima, polepole, kwa ubishi.

Hapo ndipo Mratibu wa elimu ya watu wazima wa mkoa alipotutembelea. Jina lake silitaji, ana watoto na ni watu wazuri. Alikaa bandani, akafurahi kwa dhati, akapiga makofi. Kisha akatazama saa yake. Akauliza kama mchezo umekwisha. Nikasema umekwisha. Akasema karatasi yote hii, wino wote huu, kwa saa mbili? Wananchi watauona mdogo. Tukirefusha, akasema, tutauchapa kwa mkoa mzima. Akatoa kalamu pale pale. Kituo cha kujenga choo. Kituo cha kuchemsha maji. Kituo cha kuku wa kisasa. Nikamuuliza msafara wa wapagazi unafuga kuku wapi kati ya Tura na Mgunda Mkali. Akasema wewe weka.

Mwalimu Zakaria alikataa. Aliambiwa mawazo yake ni ya kizamani, akafuta miwani. Mimi nilikubali. Semeni mtakavyo, maneno "mkoa mzima" yaliniingia kichwani kama pombe. Wiki tatu nilichora stensili mpaka kidole kikapata sugu, na mchezo ukatoka na vituo sitini. Na kwa kuwa sitini havikutosha, Mratibu aliongeza kadi za kurudi nyuma: "Hamkuchimba choo. Rudini vituo saba."

Jamani, nisiwafiche, ilikuwa aibu. Darasa lilikutana mara mbili kwa wiki. Mchana mzima watu wanahangaika kutoka Rubuga, wakikaribia Tura wanarudishwa kwa ajili ya kuku. Kadi za zamani zilikuwa zinawafanya wagombane, wacheke, wainuke kwenye mikeka. Kadi mpya walizisoma kwa sauti ya kuhudhuria matanga ya mtu wasiyemjua. Nilijitahidi kuchangamsha, nikaishia kukauka koo. Mvua zikaanza, wakawa na sababu nzuri ya kwenda shambani, na sikuwalaumu. Darasa la watu arobaini likabaki na kumi na mmoja. Mzee Mihambo hakukosa hata siku moja.

Kituo cha thelathini na nane zamu yake ilifika. Ilikuwa kadi ya mbolea ya samadi. Akaileta puani. Akaipeleka mlangoni kwenye mwanga, akaigeuza upande, akaileta tena puani. Tulingoja. Mwishowe akaisoma, lakini neno la tatu alilikisia, nami niliona. Aliponirudishia alinishika mkono.

"Binti, Pwani wameihamisha?"

Msiniulize nilifikaje nyumbani siku ile. Vilibaki vituo ishirini na viwili, mbali na vya kurudishwa nyuma, na jicho moja ambalo kila wiki lilikuwa linapungua. Na vituo vile nilivichora mimi kwa mkono wangu. Nikamwandikia Mratibu barua ya adabu, nikaomba ruhusa ya kupunguza. Jibu lilichelewa, kisha likaja. Alipendekeza tuongeze sehemu ya upandaji miti.

Nilimsomea Mwalimu Zakaria barua ile. Aliendelea kusafisha mashine, akasema, "Mkasi uko kwenye droo."

Nilikata siku mbili. Mnaotunga michezo leo, haya ndiyo niliyojifunza kwenye sakafu ile nikiwa nimepiga magoti. Nilikuwa nasoma kadi kwa sauti, kisha naificha, nasoma inayofuata. Kama hakuna kilichopungua, ile haikuwa kituo, ilikuwa kizuizi cha barabarani. Choo kilitoka. Kuku walitoka wote. Nilidhani nitarudi kwenye vile vituo kumi na vinne vya mwanzo, lakini hata humo nilikuta viwili vinavyolala, navyo nikavikata. Cha ajabu, kadi moja ya Mratibu niliibakiza, ile ya kuchemsha maji, kwa sababu kwenye pori kavu la Mgunda Mkali ilikuwa na maana: ukisimama kuchemsha unachelewa, ukinywa hivyo hivyo unaumwa. Haki yake nampa. Kadi za mwisho niliziandika upya kwa brashi, herufi ukubwa wa kiganja. Kadi ya Pwani pekee ilikula karatasi nne za manila. Kwa kuharibu vifaa vya serikali nilikuja kupewa barua ya onyo, ninayo bado, na mchezo haukuchapwa kwa mkoa wala kwa wilaya.

Nikaupeleka Kambi Mpya kwa lori la tumbaku, dereva akinionya kwamba akipakia anaondoka, hangoji mtu. Mama Kabula alikuwa amepita nyumba kwa nyumba, na bandani kulijaa. Msafara ukaenda vizuri. Waligombana kwenye maji, wakapatana, wakalipa hongo huku wananung'unika. Tukaingia Mpwapwa, na kila mmoja akamtazama Mzee Mihambo kwa pembe ya jicho. Alichezesha miguu. Akabaki kwenye mkeka.

Zamu ya kadi ya mwisho ilikuwa ya Mama Kabula. Akasema koo linamkereketa. Nikazitandaza zile karatasi nne mbele ya Mzee, yeye akapiga magoti juu yake, uso karibu kugusa wino, akaanza na kidole.

"Ba. Ha. Ri."

Kidole kikasimama. Watu wote mle ndani walijua kilichofuata, hata waliokuwa hawajui kusoma, na hakuna aliyemsaidia. Kidole kikasogea.

"Mme-fi-ka. Tu-e-ni mi-zi-go."

Kina mama wakapiga vigelegele. Wanaume wakampa mkono, mmoja akamwita Mzee Bahari, na Mzee akamkemea asimharibie jina. Mimi nilikuwa nalia na kukunja karatasi kwa wakati mmoja, kwa sababu nje lori lilishaanza kupiga honi. Mkono wa Mzee Mihambo ukatua juu ya karatasi.

Akaniuliza nakunja nini. Nikamwambia, mzee wangu, mchezo umekwisha, umefika.

"Kwako wewe umekwisha. Sisi tuna watu nyumbani."

Miezi yote ile nimepigana na urefu wa mchezo huu, nimekata mpaka mfupa, nimejitafutia onyo, na sasa mwenye safari anadai njia ya kurudi, ambayo haina hata kadi moja. Nikamwambia kadi hakuna. Akasema kwani kadi za nini. Akakigeuza kizibo, akaanza kukirudisha, anataja kila kituo kwa jina bila kutazama chini, pamoja na vile viwili nilivyovikata, na watu wakawa wanaitikia. Alipofika Mpwapwa akasimama. Akapapasa kopo nililotunzia vizibo vya mchezo wa kwanza, akatoa kimoja, akakiweka pembeni mwa kile cha kwanza.

"Hapa tulimwacha kijana wetu," akasema. "Tumchukue."

Mama Kabula akavisogeza vizibo viwili vikagusana. Mimi, kwa mazoea tu, nikachukua dadu nimpe aliyekuwa na zamu. Mzee akaufunika mkono wangu.

"Hiyo weka. Mguu wake una kidonda, twende naye taratibu."

Tukasogea hatua moja, na baada ya muda nyingine. Lori likapiga honi ya mwisho, likaondoka. Nikavua viatu, nikakaa mkekani. Tulikuwa bado Ugogo.